Kasuku anapocheza: mchezo ni nini kwa ndege?

Kijiko kimedondoka mara ya nne. Kasuku wa kijivu yuko ukingoni mwa meza, kichwa kakiinamisha upande, kwa sababu macho yake yako ubavuni na akitaka kuona kitu cha chini vizuri lazima atumie jicho moja. Unakiokota, unakirudisha. Anakisogelea kwa mwendo wake wa kibata, anakibana kwa mdomo, na safari hii hakisukumi, anakiburuta kinyumenyume hadi pembeni ndipo anakiachia. Kikilia sakafuni, naye anatoa mlio uleule, kisha anatingisha kichwa juu na chini.

Wenye nyumba watakuambia ana vituko, au ana kiburi. Mimi nasema anacheza. Ila kwa wanaochunguza tabia za wanyama, si kila kichekesho ni mchezo. Mwaka 2005 mtaalamu wa Marekani, Gordon Burghardt, aliliwekea neno hilo masharti. Kwa lugha ya nyumbani, mnyama anacheza pale anapofanya jambo lisilomletea faida ya papo hapo, kwa hiari yake, akiwa ameshiba na hana hofu. Jambo lenyewe linafanana na shughuli ya kweli lakini limetiwa chumvi au limekatizwa njiani. Na analirudia, lakini halirudii vilevile.

Hebu lipime la kijiko. Hakiliwi. Hakuna aliyemtuma. Mara anakisukuma, mara anakiburuta. Basi ni mchezo.

Sasa mchukue cherero, yule kasuku mdogo wa kijani anayepatikana kaskazini mwa Tanzania. Muachie gazeti jike wa cherero uone anavyolikata: vipande virefu, vyembamba, vilivyonyooka kama vimepitiwa na mkasi. Anapendeza kumtazama, na watu hucheka. Lakini huyo yuko kazini, anatengeneza vifaa vya kiota. Nduguye wa kusini mwa Afrika, mwenye uso wa waridi, huvichomeka vipande hivyo katikati ya manyoya ya kiuno na kuruka navyo, kama mama aliyejifunga mzigo. Kituko kwetu, ujenzi kwao.

Vivyo hivyo kasuku anayetingisha shingo kisha akakucheulia mbegu kidoleni. Hakutanii, na wala si mgonjwa. Hivyo ndivyo kasuku wanavyolishana wakipendana, na wewe umechaguliwa. Wengine hukicheulia kioo.

Macho nayo huwachanganya wengi. Utaona mboni inasinyaa na kutanuka haraka haraka, kama taa inayowashwa na kuzimwa. Misuli ya mboni ya ndege haiko kama ya kwetu. Imeumbwa kama misuli ya mkono, na kasuku huichezesha anaposisimka. Akisisimka kwa furaha au kwa hasira, jicho ni lilelile. Hivyo tazama na manyoya ya shingo na mkia: mkia ukifunguka kama upepeo huku mwili umekakamaa, toa kidole chako hapo upesi.

Kwa mchezo mtupu, usio na shaka, bingwa ni kea, kasuku wa milimani kule New Zealand anayesifika kwa kung'oa vipande vya mpira kwenye magari ya watalii. Mwaka 2017 watafiti walichapisha jaribio walilofanya kwa kea wa porini. Waliwasikilizisha mlio fulani ambao ndege hao huutoa wakicheza, uliorekodiwa. Waliousikia wakaanza kukimbizana angani na kurusha vitu; hata aliyekuwa peke yake alijianzishia mchezo wake, bila kumtafuta mwenzake aliyelia. Watafiti wakaufananisha na kicheko kinachoambukiza.

Halafu kuna Snowball, kakatuu (kasuku mwenye kishungi) mweupe wa Marekani anayecheza dansi. Utafiti wa 2009 ulionyesha kuwa muziki ukiharakishwa au kupunguzwa kasi, naye hubadilisha mwendo, na mwaka 2019 ikahesabiwa miondoko 14 tofauti. Hakufunzwa.

Kiswahili hakikumtendea haki ndege huyu tuliposema mtu "anakariri kama kasuku". Alex, kasuku wa kijivu aliyenunuliwa dukani Chicago mwaka 1977 na mtafiti Irene Pepperberg, alifundishwa kutaja rangi, maumbo na idadi hadi alipokufa mwaka 2007. Akichoshwa na maswali, aliomba arudishwe kwenye tundu lake, au alitoa majibu yote yaliyo mabovu na kuliruka lile moja sahihi. Kulikwepa jibu sahihi kila mara kunahitaji ulijue. Je, huo ni mchezo? Kwa masharti ya Burghardt nina wasiwasi, kwa sababu ndege aliyechoshwa si ndege aliyetulia. Ningeuita mgomo.

Sharti la kurudia kwa tofauti ndilo ninaloliona la maana kuliko yote kwa anayefuga. Kasuku anayeyumba kulia, kushoto, kulia, kushoto, kipimo kilekile, saa nzima kwenye kijiti chake, wageni humpiga picha wakidhani anacheza. Hachezi. Ndivyo anavyofanya ndege aliyefungiwa peke yake bila kazi, na wengine wa aina hiyo huishia kujinyonyoa manyoya hadi kifua kikabaki ngozi. Kumbuka kasuku wa kijivu ni wa misitu ya Kongo na jirani zake, ambako jioni hulala kwa makundi makubwa. Walikamatwa mno, hata biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini ikapigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia Januari 2017. Sebuleni kundi lake ni nyinyi, na ndiyo maana huiga simu yenu, kikohozi cha babu na mlango unaolalamika.

Anayetaka kupumzika na kijiko ajaribu kumpa gunzi la mahindi, au mbegu zilizofungwa ndani ya karatasi iliyosokotwa. Atairarua karatasi kwanza, mbegu baadaye. Na kijiko kikidondoka tena, usipige kelele "wewe!", maana hiyo sauti yako ndiyo nusu ya utamu.