Mgonjwa wa figo, usikimbilie diklofenaki ukisikia neno inflamesheni

Hapa kliniki ya figo tukimwambia mgonjwa ana inflamesheni, kitu cha kwanza anaangalia miguu yake, halafu anauliza, dokta mbona sijavimba? Miguu kuvimba ni maji na chumvi ambazo figo zimeshindwa kutoa, hiyo ni kesi ingine. Hii tunayosema ni kinga ya mwili imewashwa na haizimiki, inawaka chini chini kama makaa ndani ya jivu, huna homa, huna maumivu, uko tu umechoka na chakula hakina ladha.

Inatoka wapi? Figo nzima zinasaidia kuondoa zile kemikali za inflamesheni, sasa zikichoka zinabaki kwa damu. Taka zenyewe zikijaa zinalegeza ukuta wa utumbo, basi vipande vya bakteria vinapenya kuingia damuni na kinga inazidi kuwaka. Ongeza fizi zinazotoka damu kila ukipiga mswaki. Ongeza na kateta, ule mrija wa shingoni, kwa wale wa dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine), ndio maana tunawasukuma wapate fistula ya mkono mapema, yaani mishipa miwili ya damu iliyounganishwa (si ile fistula ya akina mama, watu wanashtuka sana tukilitaja hilo jina).

Upungufu wa damu nao unawachanganya wengi. Mtu amekula maini, amemeza vidonge vya ayani (madini ya chuma) miezi mitatu na damu haipandi. Inflamesheni inafanya ini litoe homoni inaitwa hepsidini na hiyo inafungia ayani ndani ya stoo, ni kama gunia za unga wa posho zimejaa lakini mwenye funguo amesafiri, na hata sindano ya kuongeza damu inafanya kazi kidogo tu. Wakati huo huo misuli inaisha, albumini (protini ya damu) inashuka, mishipa ya moyo inakuwa migumu, na kusema kweli wagonjwa wetu wengi moyo unawaua kabla figo hazijaisha kabisa.

Sasa balaa yenyewe. Mtu anatoka hapa anapita duka la dawa anasema nipe ya inflamesheni, anapewa diklofenaki ama ibuprofeni. Wallahi hizo mbili zinabana damu inayoenda kwenye figo, kale kauzima kalikobaki kanaisha haraka. Ukiumwa kichwa chukua panadol kwa kipimo chake, na mizizi ya kuchemsha ya sokoni pia uiache, hakuna anayejua ndani kuna nini.

Cha kufanya ni kutafuta kinachochochea huo moto. Nenda kwa daktari wa meno, presha na sukari zikae sawa, sigara wacha, tembea kila siku hata kama ni kufika steji ya boda tu, na kateta isilowe maji ukioga. Kipimo cha CRP, kile cha damu kinachoonyesha inflamesheni, kikiwa juu usipanike kwanza, malaria ama kikohozi cha wiki iliyopita vinaweza kukipandisha, tunarudia ukishapona. Na ukija, beba paketi zote za dawa unazomeza nyumbani, hata zile ulizopewa na jirani.