Mapigo ya ziada ya moyo: mara nyingi hayana madhara, lakini yanatisha

Mapigo ya ziada ni mapigo ya moyo yanayokuja kabla ya wakati wake. Kwa kawaida moyo huongozwa na kishada kidogo cha chembe hai kilichopo kwenye chumba cha juu upande wa kulia. Kwa mtu mzima aliyetulia, kishada hicho hutoa umeme hafifu mara 60 hadi 100 kwa dakika, na moyo mzima hufuata. Ikitokea sehemu nyingine ya moyo ikatangulia kutoa umeme wake, moyo hupiga ukiwa haujajaa damu. Pigo hilo huwa dhaifu, mara nyingine hata halisikiki kwenye mshipa wa mkono. Baada yake moyo hutua kidogo, damu inazidi kujaa, na pigo linalofuata huja na nguvu kuliko kawaida. Hilo ndilo linalogonga kifua.

Kwa hiyo anayesema "moyo ulisimama halafu ukashtuka" anaeleza kitu cha kweli alichokihisi, ingawa moyo haukusimama. Ni kama mpiga kasia mmoja anayechota maji kabla ya wenzake: mtumbwi unayumba kidogo, kisha safari inaendelea.

Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Watu wazima wenye afya wakifungwa kifaa cha kurekodi moyo kwa saa 24, wengi hukutwa na mapigo ya ziada ambayo wala hawakuyahisi. Huongezeka mtu anapokosa usingizi, anapokunywa kahawa, pombe au vinywaji vya kuongeza nguvu, anapovuta sigara, akiwa na homa au akipungukiwa maji mwilini. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani na taa usiku wa giza, kisha akashindilia chupa mbili za kinywaji cha nguvu ili awahi soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, asubuhi, ana sababu kadhaa kwa mpigo. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingoni na dawa za pumu za kuvuta nazo huchangia.

Lakini asiwepo wa kujiambia mwenyewe kwamba yake hayana madhara. Neno hilo husemwa baada ya vipimo. Kuzimia, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, miguu kuvimba, moyo kwenda mbio bila kukatika, mapigo yanayozidi unapofanya kazi nzito, au ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana: hayo yanataka hospitali mapema, na aliyezimia au anayeumwa kifua aende saa hiyohiyo. Kwetu kuna pia vali za moyo zilizoharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni, na moyo kushindwa kazi kwa mama aliyejifungua karibuni. Hapa Mwanza unaweza kuanzia kituo cha afya au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, na ikibidi upewe rufaa ya hospitali ya kanda ya Bugando. Utapimwa umeme wa moyo, utafanyiwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, utachukuliwa damu. Kipimo cha umeme huchukua muda mfupi tu na kinaweza kuyakosa mapigo hayo, kwa hiyo andika yanakuja saa ngapi na ulikuwa unafanya nini.

Majibu yakitoka mazuri, daktari husema "huna tatizo", na hapo ndipo wengi wanaachwa peke yao. Hofu haiishi kwa sababu karatasi ni safi. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, na adrenalini huleta mapigo mengine. Anaanza kujishika mshipa kila mara, anaogopa kulala, anahama hospitali hadi hospitali. Mwenye nyumba juu ya mawe ya vilima vya Mabatini au Igogo anaanza kukwepa kupanda kwake mwenyewe. Inasikitisha, kwa kuwa mapigo yasiyo na madhara mara nyingi hupungua moyo unapoongeza kasi. Kama daktari ameruhusu, kupanda ni vizuri.

Yakija usiku, kaa au geukia ubavu mwingine, vuta pumzi polepole na uitoe kwa muda mrefu zaidi, uache mkono utoke shingoni. Dawa za kupunguza kasi ya moyo zipo, ila usizinunue dukani kwa ushauri wa jirani. Baadhi yake humbana vibaya mwenye pumu.

Nenda kliniki na mtu mmoja wa nyumbani ayasikie maelezo kwa masikio yake, ili usiku asikwambie "acha woga" wala asikukimbize kwa mganga. Na hofu ikikunyima usingizi au kazi kwa wiki kadhaa, mwambie daktari huyohuyo wa moyo akuandikie rufaa ya ushauri nasaha. Bugando kuna idara ya afya ya akili, na wagonjwa wa hofu ya namna hii ni wagonjwa wao halali.