Tairi kuingia kwenye rimu hakutoshi: namba za kusoma kabla ya kulipa

Wateja wengi wanaonunua matairi Kirinyaga Road, Nairobi, hutaja rimu tu: nipe ya kumi na nne, nipe ya kumi na saba. Rimu lazima ilingane, hilo halina mjadala. Lakini tairi laweza kuikaa rimu sawasawa na bado lisifae gari lako.

Chukua 265/65R17 112S, saizi inayovaliwa na Prado na pikapu nyingi za milango minne. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 172 hivi. R ni radiali, namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 112 ni namba ya uzito: tairi moja hubeba hadi kilo 1,120 likiwa na upepo wa kutosha. S ni kasi ya juu, kilomita 180 kwa saa. Kwa foleni ya Mombasa Road, hiyo siipigii kelele.

Ninayoipigia kelele ni ya uzito. Tuseme una gari la mizigo linaloshusha viazi soko la Marikiti, na saizi yake ni 185R14C 102/100. C inaonyesha ni tairi la gari la biashara. 102 ni kilo 850 likifungwa peke yake, 100 ni kilo 800 yakifungwa mawili mawili kila upande. Sasa unauziwa 185/80R14 91S kwa bei nafuu. Upana ule ule, rimu ile ile, kimo karibu sawa. Ila 91 ni kilo 615. Ekseli ya nyuma yenye tairi moja kila upande imepoteza uwezo wa kilo 470, zaidi ya magunia tisa ya kilo 50, na kwa macho gari halijabadilika hata kidogo. Ukipakia kama ulivyozoea, ubavu unapindapinda kupita kiasi, tairi linachemka, mwishowe linapasuka gari likiwa kasi. Lawama zitaenda kwa shimo la barabarani.

Ukiona LT mbele ya namba, mfano LT265/70R17 121/118S, hilo ni tairi la mzigo la mtindo wa Marekani. 121 ni kilo 1,450, ila huzipati mpaka lijazwe upepo wa psi 80. Ukilijaza 32 kama tairi la kawaida, litabeba pungufu kuliko tairi la kawaida la saizi hiyo hiyo. Wengi hulinunua wakidhani wameongeza nguvu, kisha wanaliachia upepo wa zamani.

Kubadilisha rimu kunawezekana, mradi kipenyo cha tairi zima kisiyumbe. 265/60R18 ina milimita 775, na 265/65R17 ina 776, kwa hiyo zinabadilishana vizuri. 265/70R17 hufika 803: spidomita iliyokuwa sahihi ikisoma 100, wewe unakimbia kama 103.

Spea nayo isisahauliwe. Kwenye gari ambalo magurudumu yote manne huvuta muda wote, spea yenye kipenyo tofauti hulazimisha difu ya katikati, inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Ikibidi kuitumia, endesha polepole hadi kwa fundi wa pancha aliye karibu, wala usiunganishe safari hadi Nakuru.