Je, wajua kwa nini vijana Wabangladeshi wa Uingereza huunda vyama vya kujuana kikazi?

Kutoka Brick Lane, mtaa maarufu wa Wabangladeshi mashariki mwa London, hadi minara ya mabenki ya Canary Wharf ni kama kilomita 4, na sehemu zote mbili ziko chini ya halmashauri moja ya jiji hilo, Tower Hamlets. Katika sensa ya 2021, asilimia 34.6 ya wakazi wa halmashauri hiyo walijitambulisha kuwa Wabangladeshi. Hata hivyo kijana wa hapo anaweza kukua akiiona taa ya mnara wa One Canada Square ikimetameta kila usiku, akafaulu shule, akamaliza chuo kikuu, bila kumfahamu mtu hata mmoja anayefanya kazi humo ndani, ila labda mlinzi au mfanya usafi. Pengo hilo ndilo linalozaa vyama hivi: mawakili, wahasibu, madaktari na waandishi wa programu vijana, Waingereza wenye asili ya Bangladesh, wanaokutana ili wajuane na wafunguliane milango.

Usidhani wamekosa ndugu wa kuwashika mkono. Jamii hii imejengwa kwa kushikana mkono tangu mwanzo. Wengi asili yao ni Sylhet, kaskazini-mashariki mwa Bangladesh, na wa kwanza kufika London walikuwa mabaharia wa meli za Kiingereza walioitwa laskari, neno lenye asili moja na askari wetu. Huko Kolkata aliyewachagua alikuwa serang, mkuu wa mabaharia, yule yule ambaye Kiswahili cha pwani kinamwita serahangi, naye aliwatanguliza watu wa kwao. Waliotoroka melini walikimbilia nyumba ya Ayub Ali, baharia mwenzao aliyetangulia, katika mtaa wa Sandys Row, London, wakapata pa kulala na mtu wa kuwasaidia makaratasi. Mwaka 1943 yeye na Shah Abdul Majid Qureshi wakaunda chama cha ustawi wa mabaharia. Sheria ya uhamiaji ya 1962 ilipoleta vibali vya kazi, waliokwisha kufika waliwahangaikia kaka, binamu na majirani.

Shida ni pale msaada huo wa kushikana mkono unapoishia. Mtu humwombea mwenzake kazi anayoijua. Kwa babu ilikuwa meli, kwa baba kiwanda cha nguo au jiko la mgahawa. Migahawa mingi inayoitwa ya Kihindi Uingereza ni ya Wabangladeshi. Mjomba mwenye mgahawa atakupa zamu jioni hii hii, lakini hana njia ya kujua kampuni ya mawakili inaanza lini kupokea maombi.

Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alilifafanua jambo hili mwaka 1973. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu: siku zile mlikuwa mkionana mara ngapi? Waliokuwa wakionana mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walionana mara moja moja, na 27.8 kwa nadra sana. Walio karibu nawe wanajua yale yale unayoyajua. Yule mnayesalimiana mara mbili kwa mwaka anasikia habari ambazo hazifiki kwenu. Chama cha kikazi ni njia ya kuwapata watu wa namna hiyo kwa makusudi, badala ya kungoja bahati.

Wala si suala la elimu tena. Mwaka 1997 Tower Hamlets ilishika mkia kati ya mamlaka 149 za elimu za England, kisha shule zake zikapanda hadi kupita wastani wa taifa. Desemba 2016 tume ya serikali inayofuatilia usawa wa fursa ilieleza kwamba watoto wa Kibangladeshi na Kipakistani, hasa wasichana, wanafanikiwa zaidi shuleni, lakini mafanikio hayo hayaonekani kwenye ajira.

Sehemu kubwa ya kinachopotea hapo ni tarehe. Benki za uwekezaji huwaalika wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa wiki moja hivi ofisini, karibu na likizo ya Pasaka. Maombi hupokelewa mwanafunzi akiwa ndiyo kwanza ameripoti chuoni, na nafasi nyingi hujazwa kadiri maombi yanavyoingia, bila kungoja siku ya mwisho. Anayeonekana wiki hiyo hufikiriwa kwa mafunzo ya kiangazi ya mwaka wa pili, na humo ndimo waajiriwa wengi hutoka. Kampuni kubwa za mawakili huwachukua wanagenzi kama miaka 2 kabla ya siku ya kuanza. Kijana aliyeambiwa nyumbani "maliza kusoma kwanza" anafika mwaka wa tatu akiwa amechelewa mara mbili. Kwa hiyo chama makini hufanya mkutano wake mkubwa Agosti, na Septemba wanachama wanakaa kukagua wasifu na barua za maombi, moja baada ya nyingine.

Kwenye kuwapangia vijana washauri, kosa la kawaida ni kumtafuta mkurugenzi. Mkurugenzi hana nafasi, na usaili wake ulikuwa miaka 25 iliyopita. Mshauri mzuri ni aliyetangulia miaka 3 hadi 6: bado anakumbuka maswali. Inatosha kukutana mara moja kwa mwezi, dakika 45, kwa miezi 6, na mwanafunzi ndiye apange tarehe. Washauri huwa wachache kuliko wanaowahitaji, basi ni heri mmoja akae na wanafunzi watatu kwa pamoja kuliko kuwaacha wawili kwenye foleni.

Jioni ya kukutana ina mitego yake. Ukumbi kwa kawaida ni ofisi ya kampuni mfadhili, na mapokezi wanataka orodha ya majina mapema. Wabengali wana majina mawili: la nyumbani, daknam, na la kwenye vyeti. Aliyejiandikisha kwa la nyumbani huzuiwa mlangoni, kitambulisho chake kikisema jingine. Begum nalo si jina la ukoo, wanawake wengi wanalo, S. Begum wanne kwenye orodha moja si ajabu, kwa hiyo andika jina kamili na mahali pa kazi. Tukio likiwa bure, theluthi hata nusu ya waliojiandikisha wanaweza wasitokee. Ukitaka watu 60, toza amana ya pauni 5 inayorudishwa mlangoni.

Kisha kuna sala. Aliyezoea Mombasa, ambako magharibi haisogei sana mwaka mzima, atashangaa: London jua huzama kabla ya saa kumi jioni mwezi Desemba, na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni. Mkutano wa saa kumi na mbili na nusu jioni ukiwekwa mwishoni mwa Septemba, magharibi inaangukia katikati ya hotuba. Tenga chumba na dakika 15. Kujuana kikazi Uingereza hufanyika sana baa, na wengi hubaki nje kwa sababu hiyo tu. Chakula halali na chai ya maziwa vinawaingiza ndani.

Vyama vya wazee mara nyingi vilifuata wilaya za kwao, kama Beanibazar au Jagannathpur, na siasa za Dhaka zikavigawa. Vijana huandika katika katiba kwamba chama hakina upande, na mwenyekiti akae miaka 2 tu. Kuanza ni rahisi: katiba fupi, kamati, na akaunti ya benki yenye watia saini 2. Kikiwa cha hisani na mapato yakifika pauni 5,000 kwa mwaka, sheria ya England na Wales inataka kisajiliwe. Na mfadhili asikabidhiwe orodha ya wanachama bila ridhaa yao, hata kama ndiye aliyelipia chakula.

Kazi yenyewe huanza kesho yake. Ndani ya saa 48 mwanachama amwandikie aliyekutana naye sentensi tatu: tulikutana wapi, ulinieleza nini kilichonifaa, na swali moja dogo. Anayeomba kazi kwenye ujumbe wa kwanza mara nyingi hajibiwi, maana aliyeandikiwa hana kazi ya kugawa. Dakika 20 za mazungumzo kwa simu anazo.