Je, wajua kwa nini mume wa Kisomali haingii jikoni?

Ukiwauliza Wasomali wenyewe, mara nyingi utapewa jibu moja kati ya mawili: dini imesema, au ndivyo tulivyokuta. La kwanza si kweli, na hapo chini tutaona vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, vinasema nini hasa. La pili lina ukweli nusu, maana walichokikuta wazee sicho kinachoonekana leo Mogadishu, Eastleigh ya Nairobi au Minneapolis ya Marekani.

Mgawanyo wa kazi katika ndoa ya Kisomali ulipangwa na mifugo. Mume alikuwa na ngamia. Mke alikuwa na nyumba, mbuzi na kondoo. Kila mmoja alichoka kivyake, na kazi ya mmoja isipofanyika wote walilala njaa. Familia ilipohamia mjini, ngamia walibaki porini na kazi ya mume ikabaki nao. Kazi ya mke ilipakiwa pamoja na vyombo.

Nyumba ni ya mke

Nyumba ya mfugaji wa Kisomali huitwa aqal. Ni ya mviringo, yenye paa la kuba, na hujengwa, huvunjwa na kumilikiwa na mwanamke. Mifupa yake ni fito zilizopindwa ziitwazo dhigo, na ndani husimama nguzo iitwayo udub. Juu hutandazwa mikeka minene ya nyasi na nyuzi za magome. Magome ya miti ya jamii ya mgunga hubanduliwa, hutwangwa au kutafunwa mpaka yalainike na kutoa nyuzi, ndipo ususi uanze. Ni kazi ya muda mrefu, kwa hiyo wanawake huifanya kwa pamoja, wakiimba.

Aqal huja na bibi harusi. Upande wa mume hutoa yarad kwa ukoo wa mke, zamani hasa ngamia, na mume humpa mke mwenyewe mahari, wanayoiita meher. Upande wa mke nao hurudisha kitu kiitwacho dhibaad: aqal yenyewe, vyombo vyake, na ngamia wa kuibeba. Kwa hiyo mwanaume asiye na mke hana nyumba. Mwenye wake wawili ana mahali pawili pa kulala, na papo hapo hana hata moja palipo pake.

Siku ya kuhama ndiyo inayoonyesha mpango huu vizuri. Kabla yake mume, au mwanaume mwingine wa familia, huwa ametangulia kutafuta malisho, kazi iitwayo sahan. Inaweza kumchukua siku kadhaa, kwa miguu, maji kidogo. Akirudi na habari njema, wanawake huanza kubomoa. Mikeka hukunjwa na kuwekwa mgongoni mwa ngamia iwe matandiko; fito hufungwa ubavuni, kupinda kwake kukifuata mwili wa mnyama; juu huja vyombo vya maziwa, wakati mwingine na mtoto mchanga. Nyumba nzima inakuwa tandiko na mzigo kwa wakati mmoja. Uzito ukiegemea upande mmoja mgongo huchubuka, na ngamia mwenye kidonda cha mgongo habebi kitu mpaka apone. Mke asiyejua kupakia anaiponza familia nzima. Wakifika, aqal husimama tena ndani ya saa chache.

Kwa nini mume alikuwa mbali

Mbuzi na kondoo hawawezi kukaa mbali na maji kwa muda mrefu wakati wa kiangazi. Ngamia anaweza kukaa wiki mbili au zaidi bila kunywa. Tofauti hii peke yake iliigawa familia. Wanyama wadogo walibaki karibu na kisima, pamoja na mama na watoto. Ngamia wengi walipelekwa mbali na vijana wa kiume, wengine wakianza wakiwa na miaka saba au minane tu. Kambi ya ngamia haina nyumba. Wanalala nje ndani ya boma la miiba na chakula chao ni maziwa.

Ngamia kwa desturi hukamuliwa na wanaume na wavulana. Kwanza ndama huachiwa anyonye kidogo ili maziwa yashuke. Kisha mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili ukiegemea goti, chombo kikiwa juu ya paja. Mara nyingi wanakuwa wawili, kila mmoja upande wake. Inabidi waharakishe, maana ngamia akishtuka hubana maziwa. Mbuzi, kondoo na ng'ombe hukamuliwa na wanawake.

Maziwa yakishaingia ndani ya aqal, mwenye kauli ni mke. Chombo cha kuyatunza, haan, kimesukwa na wanawake na hufukizwa moshi wa vijiti vya miti maalumu ili maziwa yasiharibike upesi. Yeye ndiye anayeyasukasuka mpaka siagi itoke, anaichemsha iwe samli, na anaamua maziwa yanywewe kiasi gani na yauzwe kiasi gani. Mume huchinja, huchimba na kuzibua visima, huvuta maji ya mifugo, na hukaa chini ya mti kwenye vikao vya xeer, sheria za kimila.

Tusiupambe mno utaratibu huu. Katika vikao hivyo mke hakuwa na kiti, na fidia ya damu, mag, kwa kawaida ilikuwa ngamia 100 kwa mwanaume na 50 kwa mwanamke. Kuchoka sawasawa hakukuwafanya wahesabiwe sawasawa. Lakini mume hakuwa amekaa bure akingoja chakula, na hilo ndilo linalosahaulika leo watu wanaposema "mila yetu".

Dini inasema nini kuhusu kupika

Wasomali, kama Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hufuata madhehebu ya Shafi. Kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kimesomeshwa kwa vizazi katika vyuo vya Kisomali na vya Waswahili pia. Mlango wake wa nafaqa, yaani matumizi ya mke, unataja kiasi kabisa: mume tajiri anadaiwa mudi mbili za nafaka kwa siku, fukara mudi moja, wa kati mudi moja na nusu. Mudi ni kile kibaba tunachokijua kwenye fitri, vinne vikifanya pishi. Kisha Nawawi anaongeza kwamba, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, gharama ya kusaga na kuoka nayo ni ya mume. Na mke aliyezoea kutumikiwa kwao ana haki ya kuletewa mtumishi.

Msimamo unaotajwa kwa kawaida wa Mashafi ni kwamba mkataba wa ndoa haumlazimishi mke kupika wala kufua; akifanya, ni hisani yake na desturi ya watu. Wako wanazuoni wa madhehebu mengine waliosema desturi ya mahali ina nguvu ya kumlazimisha, kwa hiyo mjadala upo. Ila anayesema "dini inamtaka mke apike" hawezi kuitegemea Minhaj. Na katika kitabu cha hadithi cha Bukhari, Bi Aisha, mke wa Mtume, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali.

Masheikh wanayajua haya. Ni nadra kuyatilia mkazo kwenye hotuba ya nikaha, na sababu si ngumu kuikisia.

Mjini, kazi moja ilitoweka

Mume aliyehamia mjini alipata kazi nyingine ya kuleta chakula: jeshini, serikalini, bandarini, dukani. Hesabu ilikaribia kubalance tena, kwa familia zenye bahati. Serikali ilipoanguka Januari 1991, mishahara hiyo ilikwisha kwa mara moja. Wanaume wengi waliuawa, wakakimbia, au wakakaa ndani kwa kuhofia wapiganaji wa koo nyingine. Wanawake ndio walioingia sokoni: chai, nguo, dhahabu, miraa, mafuta ya rejareja. Eastleigh, Nairobi, biashara ya wakimbizi ilianzia ndani ya vyumba vya nyumba za kulala wageni. Garissa Lodge ilijulikana kwa hilo. Isiolo, wanawake wa Kisomali hukusanya maziwa ya ngamia na kuyapeleka Eastleigh kwa basi. Ngamia bado wanakamuliwa na wanaume, ila mnyororo wa biashara uko mikononi mwa wanawake.

Ungetegemea mke akianza kuleta fedha, mume ataanza kushika sufuria. Haikuwa hivyo. Penye uwezo, kazi ilikabidhiwa msichana wa kazi, ambaye Mogadishu huitwa boyeeso. Pasipo uwezo ilimwangukia binti mkubwa, au jamaa maskini aliyekuja kutoka kijijini. Mume aliyepoteza ngamia na mshahara alibakiwa na kitu kimoja tu cha kumtambulisha kuwa ni mwanaume, nacho ni kutofanya kazi za kike. Aibu hapa inafanya kazi kubwa kuliko uvivu. Ushahidi ni kwamba mpishi wa mgahawa wa Kisomali mara nyingi ni mwanaume, na kwenye karamu kubwa wanaume hupika wali na nyama kwenye masufuria makubwa bila haya yoyote. Anapikia watu kwa ujira au kwa heshima. Kinachomshinda ni kumpikia mkewe mbele ya mama yake.

Ili kuelewa uzito wa kazi yenyewe, chukua canjeero, mkate wa asubuhi. Unga wa ngano na wa mahindi au mtama hukorogwa na hamira usiku, hulala mpaka utoe mapovu. Alfajiri, upawa mmoja humiminwa katikati ya chuma kiitwacho daawo, kisha kwa mgongo wa upawa unga husambazwa kwa kuzungusha kutoka ndani kwenda nje. Hufunikwa na huiva upande mmoja tu, dakika mbili hivi. Chuma kikiwa cha moto mno, canjeero haitoboki vitundu vyake. Kikiwa baridi, inaganda. Huwezi kupika mbili kwa pamoja kwenye daawo moja. Nyumba ya watu wanane, kila mmoja akila tatu, ni 24, yaani karibu saa nzima ya kusimama kabla ya mtu yeyote kwenda shule. Halafu kuna chakula cha mchana.

Ughaibuni: zamu za kazi zina nguvu kuliko mawaidha

London, Toronto na Minneapolis hakuna boyeeso, na shangazi yuko mbali. Mke anafanya kazi ya kuhudumia wazee au ghalani, mume anaendesha lori au teksi. Hapo swali hugeuka kuwa la saa: nani yuko nyumbani basi la shule likifika? Akiwa baba, basi baba ndiye atakayewasha jiko. Wanaume wengi hukubali kwanza kazi za nje ya mlango: manunuzi, kupeleka watoto shule, madrasa ya Jumamosi na Jumapili, hospitali, bili. Kisha huja vyombo. Kupika na nepi huchelewa zaidi, isipokuwa kwa waliokaa miaka ya ukimbizi wakiwa vijana wa kiume peke yao kwenye chumba kimoja. Hao walishajifunza kwa lazima.

Yanayoharibika ni yale yale. Mume akiombwa "asaidie", hufanya kipande na kungoja aelekezwe kinachofuata. Kukumbuka kunabaki kwa mke, na kukumbuka ndiko kunakochosha. Inakwenda vizuri zaidi akichukua kazi nzima mwanzo hadi mwisho. Canjeero za wikendi, kwa mfano: anunue unga, akoroge Ijumaa usiku, apike, aoshe daawo. Kosa la pili ni la mke: akivirudia kuviosha vyombo alivyoviosha mumewe, au akiucheka wali wake mbele ya dada zake, hatamwona tena jikoni. La tatu ni mama mkwe akija kutembea. Waliojipanga huafikiana kabla hajafika kwamba mume ndiye atakayemweleza mama yake, si mke.

La nne halisemwi sana. Fungu la baba hupewa binti wa miaka kumi, huku kaka yake yuko uwanjani. Umri ambao wavulana walikabidhiwa ngamia unatosha kabisa kumkabidhi mtoto wa kiume vyombo vya jioni na choo cha Jumamosi.

Mtihani mkubwa ni uzazi. Kwa desturi mama hupumzika siku 40, kipindi kinachokwisha kwa afartanbax, siku anayotoka nje na mtoto. Nyumbani Somalia anazungukwa na mama yake, dada na majirani. Analetewa supu, uji, nyama na samli, wala hagusi ufagio. Uingereza likizo ya kisheria ya baba ni hadi wiki 2, kwa hiyo siku 26 zinabaki bila mtu. Wanaojua huanza mwezi wa nane wa mimba: wanagandisha supu na nyama iliyokatwa vipande vidogo kwa milo, wanawapangia zamu rafiki wa kike wa kuleta chakula cha mchana, na baba anaomba zamu za usiku zipunguzwe kabla mtoto hajazaliwa. Asubuhi za siku hizo 26, watoto wakubwa huvishwa, hulishwa na kupelekwa shule na baba. Mama anabaki na mmoja tu wa kumwangalia.