Bastola mpya si lazima iwe salama

Wanunuzi wengi Marekani huamini kwamba bastola iliyotoka kiwandani imekaguliwa na serikali. Haijakaguliwa. Tume ya shirikisho inayosimamia usalama wa bidhaa inaweza kulazimisha kiti cha mtoto kirudishwe kiwandani, lakini sheria inaizuia kugusa silaha za moto. Kasoro ikigunduliwa, uamuzi wa kuziita bastola zirudi hubaki kwa mtengenezaji, au kwa mahakama.

Hata kufaulu majaribio hakutoshi. Bastola aina ya P320 ya kampuni ya SIG Sauer ilikuwa imetimiza viwango vya kuangushwa, na jeshi la Marekani lilikuwa limeshaichagua. Katikati ya 2017 majaribio huru yakaonyesha kwamba ikiangukia upande wa nyuma kwa pembe fulani inaweza kufyatuka bila kuguswa. Agosti mwaka huo kampuni ikatangaza kubadilisha vipuri bila malipo. Kinachoniuma ni kwamba nyingi zilikuwa tayari viunoni mwa watu.

Ujerumani na Italia hupima kila mtutu kwa risasi yenye shinikizo kubwa na kuugonga mhuri. Ni jambo jema, ila mhuri huo unathibitisha uimara tu. Kwa hiyo, kabla ya kubeba bastola mpya, linganisha namba yake na matangazo ya mtengenezaji, kisha mpe fundi wa silaha aikague.