Kuchagua mashine ya gemu Mbeya: yasemwayo dukani na yalivyo

Anayetafuta mashine ya gemu mjini Mbeya hana haja ya kutafuta ushauri, kwa sababu ushauri utamfuata wenyewe. Akisimama dakika kumi mbele ya duka la vifaa vya umeme pale Mwanjelwa, atakuwa ameshaambiwa na muuzaji, na mteja mwenzake, na kijana aliyekuja kununua chaja tu, kwamba PS5 (PlayStation 5 ya Sony) ndiyo mashine na nyingine zote ni za kizamani, kwamba Xbox ni Xbox tu, kwamba mashine ya Japani lazima iungue, na kwamba kwa baridi hii ya kwetu hakuna mashine inayoweza kuchemka. Baadhi ya maneno hayo yalikuwa kweli zamani, mengine ni nusu ya kweli, na machache hayajawahi kuwa kweli hata siku moja. Nitakaa zaidi kwenye yale yanayowamalizia watu fedha.

"Ikitoka mpya, ya zamani imekufa"

PS4 iliingia sokoni Novemba 2013 na PS5 ikafuata Novemba 2020, na tangu siku hiyo wapo wanaoizungumzia PS4 kama marehemu. Historia ya mashine hizi haisemi hivyo. PS2 ilitoka mwaka 2000, ikauza zaidi ya mashine milioni 150, na bado ilitengenezewa gemu mpya ya mpira mwaka 2013, ilhali PS3 ilikuwa madukani tangu 2006. PS3 nayo ilipata FIFA 19 mwaka 2018, miaka mitano baada ya PS4 kutoka. Mwaka 2025 FC 26, gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA, ilitolewa kwa PS4 pia. Kwa familia ambayo gemu maana yake ni mpira, na familia nyingi ninazozifahamu Mbeya na Iringa ndivyo zilivyo, PS4 bado haijaacha kufanya kazi yake.

Jambo la kuuliza kabla ya lile la mashine ni runinga iliyopo sebuleni. Runinga nyingi za inchi 32 zina nukta za picha 1366 kwa 768, yaani takriban milioni moja, wakati picha ya 4K ambayo PS5 inasifiwa kwayo ina nukta zipatazo milioni 8.3. Mashine itaipunguza picha hiyo ili ienee kwenye kioo kidogo, na mnunuzi atakuwa amelipia nukta nane ili aone moja. Atakachokiona kweli ni kasi: gemu iliyokuwa ikichukua dakika nzima kufunguka kwenye PS4 hufunguka kwa sekunde chache kwenye PS5, kwa sababu ya aina ya hifadhi yake. Na kama nyumba bado ina runinga ya chogo yenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu peke yake, basi PS4 na PS5 zote haziingii moja kwa moja, kwani zinatoa picha kwa HDMI tu, waya wa runinga bapa, na ya mwisho katika ukoo huo kukubali waya wa matundu matatu ni PS3.

Sisemi kwamba PS5 haina sababu. Gemu zinazotengenezewa PS5 bila kuikumbuka PS4 zinaongezeka kila mwaka, na GTA VI, gemu ya magari na uhalifu inayosubiriwa na wengi, imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee. Kijana anayeisubiri hiyo asishauriwe kununua PS4.

"Xbox ni Xbox tu"

Hapa tatizo ni majina, na Microsoft, watengenezaji wake, ndio walioyachanganya. Xbox One ni mashine ya tatu katika ukoo wake, wala si ya kwanza. Xbox One S ilitoka 2016 na Xbox Series S ikatoka 2020. Moja ni ya kizazi cha PS4 na nyingine ni ya kizazi cha PS5, lakini zote ni nyeupe na zote zinaishia na herufi ileile. Vivyo hivyo Xbox One X ya 2017 si Xbox Series X ya 2020. Mteja akiambiwa "hii ni Xbox S, mama, chukua," anastahili kuuliza ni S ipi. Kwa macho, Series S inajulikana kwa duara kubwa jeusi lenye matundu ubavuni, na haina mahali pa kuingizia diski.

Zipo pia mashine ndogo za bei ya chini zilizofinyangwa kwa sura ya PS5, nyeupe na nyeusi, zinazodai kuwa na mamia ya gemu ndani. Gemu hizo ni zile za enzi za mashine za miaka ya 1980 na 1990. Ni mchezo halali kwa mtoto wa miaka sita, mradi mzazi ajue alichonunua.

"Isiyotumia diski ni nafuu zaidi"

Ni nafuu siku ya kununua. Series S, PS5 ya kidijitali na PS5 Pro ya 2024 huuzwa bila sehemu ya diski, kwa hiyo zikibaki hivyo kila gemu lazima ishushwe kwa intaneti. Tufanye hesabu ya gemu moja yenye GB 50, ambayo siku hizi wala si kubwa: kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, isiyoyumba, itachukua saa 11 na ushee kushuka. Mwenye faiba nyumbani ataiacha usiku na kuikuta asubuhi. Anayetegemea bando la simu atanunua gemu, kisha atainunua tena kwa njia ya bando. Na nafasi nayo ina mwisho: PS5 ya kwanza iliandikwa GB 825, lakini zinazobaki kwa ajili ya gemu ni kama 667, na Series S ya GB 512 inabakiza kama 364.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye bei. Mitaani kwetu diski ni kama mbegu ya mahindi, hutoka mkono huu ikaenda mkono ule. Kijana wa Soweto ya hapa Mbeya akiichoka gemu yake humpelekea mwenzake wa Iyunga, wakabadilishana, na mwenye diski ya thamani ndogo akaongeza elfu kadhaa juu. Gemu iliyonunuliwa kwa kushusha imefungwa kwenye akaunti ya mnunuzi, haibadilishwi wala haiuzwi. Nikipiga hesabu ya miaka mitatu, mashine yenye diski ndiyo nafuu kwa mtu wa Mbeya, hata kama siku ya kwanza ilimtoa jasho.

Hata hivyo, diski nayo isisifiwe kupita kiasi. Tangu PS4, diski haichezwi kama ilivyochezwa kwenye PS2. Gemu hunakiliwa ndani ya mashine, diski ikabaki kama ufunguo wa kuthibitisha umiliki, na marekebisho huja kwa intaneti. PS5 nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 inaweza kuongezewa sehemu ya diski inayouzwa peke yake, na inahitaji intaneti mara moja ya kwanza kuitambua. PS5 ya kidijitali ya mwaka 2020 haiongezewi, na Series S haiongezewi. Wanunuzi wa mtumba wengi hawaambiwi tofauti hiyo.

"Ukiwa na intaneti unacheza na yeyote"

Mtandao wa PlayStation hauna Tanzania katika orodha ya nchi zake. Afrika Kusini imo. Kwa sababu hiyo watu wa kwetu hufungua akaunti za nchi nyingine, na anayefanya hivyo ajue kwamba vocha anazonunua ni lazima ziwe za nchi ileile ya akaunti: vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na muuzaji aliyekwisha kuikwangua hairudishi. Kucheza na watu wa mbali kwenye gemu nyingi za kununua hutaka pia malipo ya uanachama, ila gemu za bure kama eFootball na Fortnite hazidai malipo hayo.

Ndugu wawili, mmoja Iringa na mwingine Tukuyu, wanaotaka kucheza FC pamoja wasinunue kila mtu kivyake. PS4 hukutana na Xbox One, PS5 hukutana na Xbox Series, lakini toleo la PS4 na toleo la PS5 havikutani. Mwenye PS5 anaweza kushusha toleo la PS4 ili amfuate mwenzake. Mwenye PS4 hana namna ya kupanda.

"Mashine ya Japani huungua"

Maneno haya yana asili ya kweli. PS2 za soko la Japani zilitengenezwa kwa umeme wa volti 100, na umeme wetu ni wa volti 230. Aliyeichomeka bila kigeuzi alisikia mlio mdogo, ikafuata harufu ya plastiki. Isitoshe, PS2 ya Japani ilikataa diski za Ulaya. Kumbukumbu hiyo imebaki, mashine zikabadilika. PS5, Xbox Series na Switch ya Nintendo hupokea umeme wa volti 100 hadi 240, na diski za gemu za PS4 na PS5 hazibagui bara; zinazobagua ni diski za filamu. Kilicho salama ni kusoma kibandiko cha mashine yenyewe, hasa ya mtumba ambayo huenda imeshabadilishwa kifaa cha umeme. Waya wake wa ukutani kwa PS4 za kawaida na PS5 ni uleule wa redio wenye matundu mawili, ingawa mwembamba wa bei ya chini kabisa siupendekezi.

Tahadhari ya leo kuhusu Japani iko kwingine. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina toleo la bei nafuu la soko la Japani ambalo linazungumza Kijapani tu na linakubali akaunti za Japani tu. Wenye kuagiza magari huko, na barabara ya Tunduma imejaa magari hayo, wasidanganywe na unafuu huo.

"Kwa baridi hii haichemki"

Baridi inasaidia, ndiyo, ingawa si kwa kiasi kinachodhaniwa. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unasukuma hewa pungufu. Ubaridi unafidia upungufu huo, na mashine ya Mbeya ina nafuu kuliko ya Kariakoo.

Kinachoua mashine zetu ni vumbi la kiangazi, lile jekundu la kuanzia Juni, likisaidiwa na kitambaa. Nimeingia sebule moja Uyole nikakuta PS4 imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, kimepigwa pasi, kimening'inia hadi nyuma kwenye matundu ya kutolea joto, na mashine inavuma kama mashine ya kusaga. Mama mwenye nyumba alikuwa akiitunza. Tulipokivuta nyuma kitambaa, baada ya robo saa mvumo ukashuka. Makete na Njombe kuna la ziada, nalo ni jiko la mkaa sebuleni: masizi yake huingia kwenye feni, na hewa yake, ndani ya chumba kilichofungwa, huua watu kabla ya kuua mashine.

Na mashine iliyosafiri usiku kwenye buti la basi, ikapita Kitonga na kufika alfajiri ikiwa ya baridi kama chuma, isiwashwe papo hapo katika chumba chenye joto. Unyevu hujikusanya ndani. Iachwe saa kadhaa.

"Itamaliza LUKU"

PS5 ikichezeshwa hula kama wati 200, hivyo saa tano ni uniti moja. PS4 nyembamba na Series S ziko chini ya nusu ya hapo, na Switch hula sawa na taa. Runinga iongezwe juu yake. Kwa wenye sola kijijini tofauti hii ni kubwa. Kwa wenye umeme wa gridi, kukatika kwa umeme ndiko kunakotisha, maana PS4 yenye hifadhi ya sahani inayozunguka haipendi kuzimwa ghafla.

"Iliyochipiwa ni faida tupu"

Mashine iliyofunguliwa ulinzi ili icheze gemu zisizolipiwa huuzwa kama yenye nyongeza. Niliwahi kununua PS4 ya aina hiyo kwa mtu mmoja, ikiwa na gemu 15 ndani, na kwa mwezi mzima nilijiona mjanja. Nilipotaka kucheza na mdogo wangu aliyeko Dodoma, mashine ikagoma kuingia mtandaoni: ilikuwa imeshafungiwa, na kinachofungiwa ni mashine yenyewe, kwa hiyo kufungua akaunti nyingine hakukusaidia. Anayetaka gemu za ndani tu, peke yake, hataona hasara hiyo. Mwingine yeyote ataiona.

Tangu hapo mtumba naujaribu nikiwa dukani. Naingia mtandaoni kwa akaunti yangu, mashine ikitumia intaneti ya simu yangu. Naingiza diski na kuitoa mara tatu. Nacheza mechi mbili nikisikiliza feni. Kisha naweka pedi mezani, naondoa mikono, natazama kioo. Mara ya mwisho, nikijaribu PS5, beki wangu wa kulia alianza kutembea polepole kuelekea kibendera cha kona, hajaguswa na mtu, na muuzaji akasema, "Kaka, hiyo ni kawaida yake." Pedi ya PS4 haichezi gemu za PS5, kwa hiyo sikuwa hata na ya kubadilisha nayo nyumbani. Nilimrudishia mashine yake.